Faida ya Pipa la Pili

Mume wangu Ramadhani,

Mume gani wewe? Tangu Idi hujakanyaga Buyenzi. Kutoka Kinindo mpaka kwangu si safari ya kuaga watu. Hata bata wa huyo mjomba wako unayekaa kwake wakipotea njia, wangekuwa wameshafika hapa, wakanywa maji, wakarudi. Nami nimekuita mume wangu tangu hujaota meno, kama kila bibi wa hapa anavyomwita mjukuu wake wa kiume, nikakulea baada ya kumzika baba yako, nikakudai mahari mbele ya watu wakacheka. Leo naambiwa kwamba kesho asubuhi unakwenda Rumonge kufungua nyumba yako ya kupikia sabuni, na aliyeniambia ni Nestori anayeniletea mawese. Mke anapewa habari za mumewe na mwenye lori! Haya.

Anayeshika kalamu ni shangazi yako Zaituni, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na beseni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ameshaanza ubishi. Anasema neno “mpumbavu” haliandikwi kwenye barua. Basi ameliacha, lakini we ujue kwamba lilikuwepo.

Najua kilichokuzuia kuja. Siku ile ya Idi, pilau bado iko mdomoni, uliniomba pesa yote iliyomo kwenye sanduku langu ukanunue mashine ya kukata sabuni na kuipiga muhuri. Nikasema apana. Ukasema, “Bibi, vita inaisha na we bado unaogopa.” Nikakuonyesha mlango kwa mwiko wa kukorogea sabuni, ule mrefu. Ukatoka umevaa ndala moja yako na moja ya Zaituni. Anasema bado anaidai.

Sasa kesho unapanda lori, na jibu langu la kweli hujalipata. Ukiondoka bila jibu, utakwenda na hasira yako, nami nitabaki na yangu, na hasira ya ndugu haikauki kama sabuni. Kwa hiyo kaa usome. Jibu limo humu, lakini hulipati kabla hujajua lilikotoka. Usiruke mistari. Nakujua.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Rumonge kuna samaki, kuna msikiti, na habari ya chandarua utafundishwa na mbu wenyewe.

Nataka kukuambia habari ya mapipa yaliyokuwa chini ya kitanda changu. We uliyaona, ulikuwa unayapanda kama ng'ombe, lakini hukujua ni ya nini. Baba yako tulikuwa tumeshamzika. Nchi za jirani zikafunga mipaka, ule wakati tulioita ambargo, na mji mzima ukashikwa na kichaa kimoja: nunua, weka. Mwenye chumvi aliweka chumvi, mwenye mafuta ya taa aliweka mafuta ya taa. Mimi nikavua bangili zangu za dhahabu, zile za harusi, nikanunua mawese. Nikajaza stoo, nikajaza ukumbi, nikajaza chini ya kitanda. Usiku nilikuwa nalala juu ya utajiri, nikijiambia, mwanamke huyu, shule hakwenda lakini akili anayo.

Mawese peke yake si sabuni, mume wangu. Sabuni inataka soda kali, ile inayounguza mikono, na soda ilikuwa inatoka nje, na nje kumefungwa. Nilinunua kile nilichozoea kukinunua, kile ninachokijua harufu, nikasahau kile kidogo ambacho bila hicho, kile kikubwa hakina kazi. Ikafika Ijumaa, siku ya kuwalipa wale wanawake wanaokoroga. Nikafungua sanduku, hamna kitu. Pesa yote imo ndani ya mapipa, imelala, inakoroma.

Konsolata unamjua, yeye ndiye wa kwanza kushika mwiko kwangu. Alikuja mjini amekimbia risasi kule kwao upande wa Rumonge, mtoto mgongoni na sufuria mkononi, akabisha mlango wangu kwa sababu Buyenzi milango ilikuwa bado inafunguliwa kwa kila mtu. Ijumaa ile alisimama mbele yangu, akatazama mapipa, akanitazama mimi.

“Mama, mafuta iko mingi sana,” akasema. “Sasa tutakaanga nini?”

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu nikaingia chumbani nikakaa juu ya pipa, nikaona sina hata ya kununua mchicha. Mawese yakachacha. Barabara ya Rumonge ilipofunguka kidogo, bei ikaanguka, nikauza kwa watengeneza mishumaa kwa bei ya maji. Bangili za harusi zilikwenda hivyo. Sikuzilia. Nilililia lile neno la Konsolata, maana lilikuwa la kweli, na lilitoka kwa mtu ambaye sikumlipa.

Hapo ndipo nilipoijua pesa ya sabuni. Ina vitanda vitatu. Inalala kwanza kwenye pipa la mawese. Ikiamka inalala juu ya mbao, sabuni inapokauka. Ikiamka hapo inalala kwenye duka la mtu, inamngoja mnunuzi, na wakati mwingine inamngoja mwenye duka akumbuke kwamba ana jirani. Siku inarudi mkononi mwangu, hiyo ndiyo siku nimeuza. Kabla ya hapo nimepika tu. We shuleni mlipewa jina lake la Kifaransa, refu, linaloanza na neno la kuhitaji: pesa ambayo biashara inaihitaji wakati inangoja kulipwa. Mimi naliita usingizi. Biashara inaweza kuwa na faida na bado ikafa, Rama, imefia usingizini.

Lakini kujua ugonjwa si kujua dawa. Soda ilipoanza kupenya, kidogo kidogo, bei imepanda kama moshi, nikasema sasa sitaki usingizi tena. Nikapika Jumatatu, nikakata, nikatazama ile miche imelala juu ya mbao inangoja kukauka wiki baada ya wiki, moyo ukaniwaka. Nikaipeleka sokoni ikiwa mibichi. Konsolata alinishika mkono. “Mama, hii bado inatoka jasho.” Nikamwambia hata mimi natoka jasho na bado nafanya kazi.

Iliuzwa yote. Nikarudi na pesa, nikapita mtaani nimeinua shingo. Halafu ile sabuni ikaanza kukauka majumbani mwa watu. Ikajikunja, ikapinda, ikanyauka. Mwanamke mmoja wa sokoni, mdomo wake we unaujua, akaja akaupanga mche wake kwenye kizingiti changu mbele ya majirani.

“Mama Sabuni, tazama mutoto wako. Amekonda kuliko sisi, na sisi tuko ndani ya vita.”

Wakaja wengine na yao. Kizingiti kikajaa miche iliyopinda kama vizee vinangoja daktari. Zaituni anacheka anapoandika hapa, nami namwacha acheke, kwa sababu kilichofuata ndicho kilichonifanya niwe Mama Sabuni mpaka leo. Niliwaambia, kila mmoja aache wake, arudi mwezi ujao achukue mkavu, haongezi hata faranga. Konsolata alidhani nimechanganyikiwa. Tukapika, tukangoja. Kila siku nilikuwa napita kwenye mbao na kidole gumba, nabonyeza. Ikibonyea, naiacha. Na walikuja, wote, wakachukua, na wakati wa kutoka kila mmoja alinunua mwingine juu yake. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kuuliza sabuni yangu ina uzito gani.

Kwa hiyo kitanda cha katikati usikiguse. Hicho ni cha sabuni yenyewe, si chako. Ukitaka kuiamsha pesa mapema, iamshe kwenye pipa, ununue mawese ya kupika, si ya kutazama. Au iamshe dukani. Na hapo dukani, mwanangu, ndipo nilipochelewa kuliko pote.

Bwana Saidi mwenye duka la pembeni alikuwa anachukua sabuni kwangu sanduku juu ya sanduku, na pesa inakuja inshallah. Na inshallah yake ilikuwa na miguu mifupi. Watu wakaniambia, dai. Sikudai. Hukuwahi kujua kwa nini, leo nakuambia. Baba yako alipouawa njiani, watu waliogopa kutoka. Aliyekwenda kumchukua na mkokoteni ni Saidi. Aliyemwosha ni Saidi. Alibeba jeneza lake kwa bega hili na lile, na risasi zinalia upande wa Kamenge. Sasa mtu huyo nitamwendea na mkono wazi, nimwambie, nipe pesa ya sabuni? Nilikuwa nampa sanduku jipya kila alipoagiza, na kila mara najiambia, huyu alimbeba mwanangu. Na Konsolata anapata nusu ya mshahara, na we unarudishwa kutoka shule kwa ajili ya ada.

Siku uliporudishwa mara ya tatu, nilijifunga khanga nikaenda. Saidi alikuwa anapima sukari. Nikamwambia, “Saidi, jeneza la mwanangu, hiyo nakushukuru kwa Mungu mpaka nife. Sabuni, nataka unishukuru kwa pesa.”

Aliweka mizani chini. Nilidhani atanitukana.

“Dada,” akasema, “mi nilijua hii sabuni ni sadaka ya marehemu. Unaleta, unaleta, hauulizi hata siku moja. Nikasema huyu mama ananilipa kwa ajili ya mutoto wake, na mi sikutaka malipo, lakini nitakataaje sadaka? Kila ukileta nilikuwa naona haya.”

Tukakaa wawili, yeye na haya yake, mimi na haya yangu, tukalia pale juu ya magunia mpaka mteja akakohoa. Halafu tukapatana kama watu wazima: anakuja na pesa ya sanduku la zamani, anaondoka na jipya. Lile la zamani analipa kidogo kidogo. Hajawahi kuvunja neno. Na sabuni kwake inauzwa haraka kuliko zamani, maana sasa ni mali yake, anaisifu. Ile iliyokuwa sadaka alikuwa anaiweka chini ya kaunta pamoja na haya yake. Ada yako ya mwaka ule ililipwa na Saidi bila yeye kujua. Ukipita kesho dukani kwake, umwamkie vizuri.

Basi tukasimama imara. Kulikuwa na siku za mji kufa, maduka yote yamefungwa, vijana wanachoma matairi, na huku kwangu moto uko chini ya pipa. Kulikuwa na viwanda vikubwa, vyenye bomba la moshi na mlinzi mlangoni, vilivyosimama kwa sababu mali imejaa stoo na pesa hakuna. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Watu walipoteza kazi, na mimi mapipa yangu hayajanitoka kichwani. Nasema tu kwamba moto wangu haukuzimika, na kila Ijumaa kila mwanamke aliondoka na pesa yake kwenye kitambaa. Jambo hilo nitaliringia mpaka kaburini, na wale malaika Munkar na Nakir wakiniuliza nitawapa mche mmoja mmoja.

Sasa nakuja kwako.

Mwaka uliopita ulikuja hapa na daftari la chuo, ukakaa kwenye kigoda, ukaniambia, “Bibi, we unamlipa Nestori pale pale lori linaposimama, na sabuni yake hata haijapikwa. Mwombe angoje mpaka sabuni iuzwe.” Nikakuambia sijawahi kudaiwa na mwanamume yeyote, nifanye hivyo leo na mvi hizi? Ukasema si kudaiwa, ni kupatana. Nikakuita mtoto wa Kinindo, mtaa wa matajiri. Lilikuwa tusi, na nilikusudia, nikakuonyesha mlango.

Ulipotoka na ndala zako mbili zisizofanana siku ile ya Idi, nikarudisha mwiko mahali pake. Nikajiambia, huyu nimemfukuza mara mbili, mara ya pili nilikuwa na haki. Je, ya kwanza? Nestori alipoleta mawese nikamkaribisha chai, nikazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho nikasema. Nestori akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati.

“Mama! Mi nangoja uniombe, miaka na miaka. Wengine wote wananiambia ngoja, ngoja, na hawanilipi. We peke yako unanilipa mbio mbio kama unaniogopa. Nikasema labda huyu mama ana ugomvi na kabila yetu ya wachuuzi.”

Akakubali. Analeta mawese, anachukua pesa safari inayofuata, sabuni ikiwa imeshakaa madukani. Nami sijamchelewesha hata mara moja, maana nikivunja mapatano nimevunja shingo yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Pesa iliyokuwa inamkimbilia Nestori ikabaki sandukuni. Nikaitazama. Sikununua bangili. Nikanunua soda, nikamwambia Konsolata awashe moto chini ya pipa la pili, lile lililokuwa linakusanya maji ya mvua. Tulikuwa tunapika mara moja kwa wiki, tukaanza kupika mara mbili. Pesa ile ile, Rama! Mikono ile ile, ua ule ule. Sabuni mara mbili. Faida ya pipa la kwanza ni yetu ya kula, kama kawaida. Faida ya pipa la pili sikuigusa hata siku ya harusi ya binti wa Konsolata, na nilitaka sana kuigusa, nikaenda na khanga yangu ya zamani.

Ile pesa uliyoiomba siku ya Idi ilikuwa pesa ya mawese. Ningekupa, leo ungekuwa na mashine inang'aa huko Rumonge na huna cha kuilisha, umekaa juu yake kama nilivyokaa juu ya pipa, na Konsolata wako anakuuliza utakata nini. Ndiyo maana nilisema apana, na leo ukiniuliza tena pesa hiyo nitasema apana tena, na mwiko bado ninao.

Lakini faida ya pipa la pili ni yako. Imetoka mdomoni mwako, kwenye lile daftari, siku nilipokuita mtoto wa Kinindo. Zaituni ataleta bahasha hii pamoja na kitambaa cha kijani kilichofungwa mafundo matatu. Usikifungue barabarani. Inatosha mashine. Nilimtuma Zaituni akaulize bei Rohero, kwenye maduka ya wakubwa, na muuzaji akamwita madamu.

Na kitu kingine. Lori la Nestori linakuja mjini limejaa, linarudi tupu. Kesho halirudi tupu. Nimepakia masanduku ya sabuni kavu, nimeibonyeza yote mwenyewe. Uza hiyo kwanza, kabla hujawasha moto, upate pesa ya soda bila kumwomba mtu. Mawese ya mwanzo Nestori atakupa kwa neno langu. Ya pili atakupa kwa neno lako, kwa hiyo lichunge.

Utamkuta na Konsolata ndani ya lori, kiti cha mbele. Anarudi kwao. Alikuja kwa miguu na sufuria, anarudi na mwiko, na binti yake ameolewa, na amesema atakukorogea mpaka upate watu. Nimemwambia akulipe adabu, we umlipe Ijumaa. Leo mchana amevaa kitenge kipya akatembea ua mzima akituonyesha. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Saidi akaja na mizani mkononi kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia, mume wangu ananiacha, na mimi ndiye ninayelipa nauli.

Zaituni anasema karatasi inakwisha na jua limeshuka upande wa Uvira. Hajui kwamba nimebakiza maneno machache. Hasira yangu nimeiacha hapa mezani, mbwa waile. Yako iteremshe kesho kabla lori halijaondoka. Nestori hatabeba mzigo usio na nauli.

Utakapokuja mara nyingine, usije na mkate wala sukari kama mgeni. Uje siku ya kupika, asubuhi, umevaa shati bovu na ndala ya Zaituni. Upite mlango wa nyuma kwenye mbao. Na ulete mche mmoja wa sabuni yako ya kwanza, uuweke mbele yangu kabla hujasalimia mtu. Nitaubonyeza kwa kidole hiki. Ukibonyea, unarudi nao Rumonge na chai hupewi.

Bibi yako, mkeo,
Mama Sabuni